Nilimuuliza Kocha Ni Mtoto wa Nani

Nakumbuka Jumamosi moja ya baridi, mwanangu, nimesimama kando ya uwanja wa majani pale Kilburn, huku ughaibuni, mikono mfukoni, namtazama Nassor wangu akifukuza mpira pamoja na watoto kumi na kitu ambao sikumjua hata mmoja. Alikuwa na miaka saba. Viatu vyake tulivinunua vikubwa ili adumu navyo, na mama yake alimvalisha soksi mbili mbili. Kila akipiga mpira, kiatu nacho kilitaka kuufuata. Na alikuwa akicheka. Hilo la kucheka liweke akilini, maana nitalirudia.

Nakuandikia wewe mwenye mtoto wa umri ule, ambaye kila jioni anakuuliza lini utampeleka klabu. Mimi niliulizwa swali hilo zamani, nikalijibu vibaya. Wazee walisema majuto ni mjukuu. Wangu mjukuu alikuja kweli, tena alikuja na viatu vya mpira miguuni.

Siku hizo tulikuwa tukikaa flati ya kupanga, mimi na mke wangu Salma na Nassor. Nilikuwa nikikata tiketi steshini. Mtoto alikuwa akipiga mpira wa matambara koridoni mpaka jirani wa chini, bibi mmoja wa Kiayalandi, akigonga dari lake kwa mpini wa ufagio. Siku moja bibi yule alipanda mwenyewe hadi mlangoni kwetu. Tukadhani ni ugomvi. Kumbe alikuja kutuambia kuna kijana anafundisha watoto mpira uwanjani kila Jumamosi, na kijana huyo anasema lugha kama yetu. Aliitambuaje lugha yetu, sijui mpaka leo. Labda alishazoea kuisikia kupitia dari.

Basi tukaenda. Kocha alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mwembamba, kofia ya sufu kichwani, akifoka nusu Kiingereza nusu Kiunguja.

"Wee Nassor, tulia na mpira! Huo si kuku, hautakutoroka!" Halafu kwa wote: "Nyie mnacheza mpira, au mmeangusha sindano mnaitafuta pamoja?"

Watoto wa Kiayalandi na wa Kijamaika hawakuelewa hata neno moja, lakini walicheka na wakatawanyika uwanjani kama alivyotaka. Jambo hilo lilinishangaza. Nikawa nakwenda kila Jumamosi na chupa yangu ya chai, nikitaka kujua anafanyaje. Palikuwa na mtoto mmoja mzito, mwisho katika kila mbio. Kocha alimpa yeye kazi ya kuanzisha mchezo, kila mchezo, hivyo kabla ya mwingine yeyote kugusa mpira, yule mtoto alikwisha kuugusa. Niliyaona hayo kwa macho yangu mawili, wala hayakuniingia. Nilikuwa nangojea kujua jambo jingine.

Jumamosi ya nne nikamsogelea kocha, watoto wangali wanacheza. Nikamuuliza, "Hebu niambie kijana, wewe ni mtoto wa nani?"

Wewe uliyezaliwa huku utaona huo ni upekuzi. Kwetu si ufidhuli. Ndivyo mtu anavyopewa mahali pake. Akija mtu kuposa, huulizwa baba, babu, mtaa, na ukoo wa mama. Na mpaka yajulikane hayo, hata chai yake huiwekei sukari kwa moyo mmoja.

"Mimi Haji," akasema, akitabasamu. "Haji wa Mzee Makame." Akautaja mtaa. Akaitaja na nyumba.

Mwanangu, sina haja ya kukurefushia. Baada ya Mapinduzi nyumba yetu ilichukuliwa, wakapewa watu wengine. Sisi tukatawanyika, na baba yangu akafa Mombasa katika chumba cha watu. Jina la aliyepewa nyumba nilikuwa nimelihifadhi miaka yote ile. Lilikuwa Makame.

Nilimpa mgongo kijana yule. Niliingia uwanjani, nikamshika Nassor mkono katikati ya mchezo, nikatoka naye.

"Kwa nini, Baba?"

"Twende."

Akauliza tena njiani. Nikamwambia anyamaze. Katika malezi yetu, mambo ya wakubwa mtoto haelezwi, na mimi nililelewa hivyo, nikaona ndiyo heshima.

Salma alipopata habari aliniuliza, "Kwani ulikuwa unamtafutia mtoto klabu au mchumba?"

"Huelewi wewe."

"Naelewa. Mtoto alikuwa anacheka."

Kwa ubishi wangu nikatafuta klabu nyingine, na nikaitafuta kwa swali lile lile. Nikaipata Stratford, upande wa pili wa mji, treni mbili za chini ya ardhi kwenda na mbili kurudi. Mwenye klabu alikuwa mtu wa kwetu, aliyesoma skuli moja na kaka yangu. Baba yake nilimjua, babu yake nilimsikia. Jezi zilikuwa na nembo, na ukutani palikuwa na kabati lililojaa vikombe. Niliviona vikombe, sikuuliza ni watoto gani waliovitwaa. Vilitwaliwa na wale wakubwa na wepesi. Nassor alivaa jezi mpya, juu yake akavaa koti, akakaa benchi. Jumamosi sita alikaa benchi, na mimi nikijiambia kwamba yuko mikononi mwa watu wetu.

Sasa nikujulishe kwa shangazi yangu, Bi Zuwena, dada mkubwa wa baba. Alikuwa akikaa mitaa miwili kutoka kwetu, na Jumapili alikuja na mkate wake wa kumimina umefungwa kwenye kitambaa, ungali na joto. Jumapili hiyo akamuuliza Nassor amefunga magoli mangapi.

"Mimi nashika makoti ya wenzangu, Bibi," mtoto akasema.

Bi Zuwena akamkatia kipande kikubwa, akamwambia akale chumbani. Mlango ulipofungwa akanigeukia.

"Seif, nyumba ile mimi nimezaliwa ndani yake. Baba yako alipoanza kutambaa, sakafu aliyotambaa niliifagia mimi. Kama kuna mtu wa kuililia, ni mimi. Sasa mbona Haji akinikuta sokoni hunibebea mchele mpaka mlangoni, nami namwombea dua?"

"Shangazi, unajua yule ni wa nani?"

"Nilijua kabla yako! Nilimuuliza siku ya kwanza. Kuuliza si kosa. Kosa ni kuuliza swali moja ukafunga kitabu. Walipopewa nyumba, Haji alikuwa na miaka mingapi? Hilo umemuuliza?"

Nikaanza kuokota makombo ya mkate mezani.

"Mitano. Mtoto wa miaka mitano alipewa nyumba, au alionyeshwa pa kulala?" Akaufunga mkate wake uliobaki, jambo ambalo hakuwahi kulifanya nyumbani kwangu. "Wapiganapo tembo, nyasi ndizo huumia. Na wewe nyasi zako umezipakia mwenyewe kwenye treni mbili, ukazipeleka mpaka Stratford."

Maneno hayo yalinichoma, na Jumamosi iliyofuata nikamrudisha Nassor Kilburn. Tulipofika, mtoto akashika ua wa waya kwa vidole vyote kumi, hataki kuingia. Haji akaja. Hakuniuliza tulikuwa wapi.

"Karibu, Nassor. Mpira hauna kinyongo."

Nassor akatikisa kichwa. Haji akaupitisha mpira chini ya waya, ukasimama miguuni pake. Hakuugusa.

Nikamvuta Haji kando kidogo, kwa aibu zaidi kuliko kwa hekima, nikamuuliza swali la pili, lile ambalo nilipaswa kuliuliza mwanzo. Nikamwambia, "Nyumba ile, unaikumbukaje?"

Akanikazia macho. "Wewe jina lako nani?"

"Seif."

"Seif wa mlango wa jikoni?"

Sikumwelewa. Akaniambia kwamba kwenye mwimo wa mlango wa jikoni palikuwa na alama za penseli na majina ya watoto, na jina langu lilikuwa juu ya yote. Nikakumbuka. Baba alikuwa akitupima kimo kila Idi. Haji akasema walipopaka chokaa nyumba, mama yake alikataa mwimo ule usiguswe. "Alisema, 'Hao nao wana mama yao.' Kila Idi akanisimamisha pale anipime. Ulinishinda miaka mingi, yakhe. Nilikuchukia!" Akacheka. "Nilikupita nilipotimiza kumi na mbili."

Nami nikacheka, kisha machozi yakanitoka, nikayafuta kwa kofia. Ningemuuliza hayo siku ya kwanza, angenijibu siku ya kwanza.

Lakini Nassor hakuingia uwanjani. Si siku ile, wala Jumamosi nyingine yoyote. Mpira wa matambara ukakaa chini ya kitanda mpaka Salma akautupa. Nikajiambia mtoto amechoka na mchezo, watoto ndivyo walivyo. Nilikuwa hodari wa kudadisi koo za watu, na sikumdadisi mtoto aliyelala chumba cha pili.

Miaka ikapita, zaidi ya thelathini. Salma akatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Nassor akaoa, akapata mtoto wake, Karim. Juzi juzi, Karim alipotimiza miaka sita, Nassor alikaa jikoni kwangu na simu yake akitafuta klabu. Zilikuwa nyingi kama maduka. Akaniuliza, nadhani kwa kunitania, "Wewe ungechagua ipi, Baba?"

Sikuweza kumjibu kabla sijamweleza yale ambayo sikumweleza utotoni. Nikamwambia yote: nyumba, Makame, swali langu, Stratford, mwimo wa mlango.

Akaiweka simu chini. Yeye hunisikiliza kwa Kiswahili na hujibu kwa Kiingereza, lakini safari hii alitafuta maneno yangu, moja moja.

"Baba, siku ile ulipoingia uwanjani, mimi nilikuwa nimepoteza mpira. Dakika ile ile. Nikaona umekuja kunitoa."

"Sivyo, Nassor."

"Halafu nikakaa benchi Stratford, nikasema, basi Baba aliona kweli. Halafu ile siku ya kwenye waya, nilikuona unazungumza na Haji, unalia. Nikajua mmekubaliana kwamba mimi sifai."

Mwanangu, nimefiwa na baba ugenini, nimepoteza nyumba na nchi. Hakuna neno lililonikalisha kitako kama lile. Mtoto nilimnyima sababu, naye akajitengenezea yake, akaibeba miaka yote ile hali hamna ukweli ndani yake.

Nilimwomba radhi Nassor, mimi mzee. Hakusema amenisamehe. Aliinuka, akachukua koti langu msumarini, akanivalisha. "Twende tukaangalie," akasema.

Tukaenda kuangalia klabu tatu, Jumamosi tatu, sisi watatu, na chupa ya chai. Sikuuliza jina la baba wa kocha yeyote. Nilitazama nani anaokota vikoni vya plastiki mchezo ukiisha, kocha peke yake au na watoto. Nilimtafuta mtoto mzito, kwa sababu kila klabu anaye, nikangoja nione amepewa nini cha kufanya. Klabu ya kwanza alipewa makoti, tukaondoka kabla chai haijapoa. Klabu ya pili ilikuwa nzuri, lakini wazazi walipiga kelele kuliko watoto.

Ya tatu ilikuwa uwanja ule ule wa Kilburn. Kocha alikuwa msichana nisiyemjua wala kujua kwao. Mtoto wao mzito alikuwa ndiye mwenye firimbi. Karim akaingia bila kutuaga. Punde mpira ukatoka nje, ukabingirika mpaka kwenye waya, ukasimama miguuni pa Nassor. Watoto wakapiga kelele aurudishe. Akautazama. Ana mvi sasa, na viatu vya ofisini. Akarudi nyuma hatua mbili, akaupiga. Ukaenda pembeni kabisa, mbali na kila mtu, na kiatu chake kikaufuata.

Akacheka. Nilikitambua kicheko kile.

Basi shika haya. Usichague klabu kwa kabati la vikombe, wala kwa nembo, wala kwa kuwa mwenyewe ni mtu wa kwenu. Na usiikatae kwa kuwa mwenyewe ni mtu wa wale. Nenda ukasimame kwenye baridi uangalie. Mtazame mtoto wa mwisho anavyotendewa, kwa sababu iko siku mwanao atakuwa yeye. Njiani kurudi usimuulize amefunga mangapi. Muulize amecheka na nani. Ukilazimika kumtoa, mwambie sababu, hata kama sababu ni aibu yako. Na ukiwa na donda la zamani, liuguze mwenyewe, usimpe mtoto akubebee.

Mungu akukuzie mwanao. Amjaalie kocha mwenye macho ya huruma na wenzake wa kumngoja akianguka, na wewe akupe umri na magoti ya kusimama kando ya uwanja mpaka firimbi ya mwisho. Amin.