Pampu ya Bwawa na Mguu wa Mke Wangu

Mwezi wa Aprili, nilipoondoa turubai lililofunika bwawa majira yote ya baridi, maji yalikuwa ya kijani na majani ya mti wa jirani yalikuwa yameozea chini. Hilo halikunishtua, ndivyo linavyokuwa kila mwaka. Kilichonishtua ni pampu. Niliirudishia vizibo vyake, nikajaza maji kwenye kikapu cha kichujio ili iweze kuvuta, nikafungua vali, nikasema bismillahi, nikabonyeza swichi. Ikavuma bila kuzunguka, kisha umeme wa kibanda cha mashine ukakatika. Nikajaribu tena. Ikavuma, umeme ukakatika.

Mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha kahawa. Ni mama wa Kibelgiji, mjane, mkubwa kwangu kwa miaka michache. Nimemtunzia bustani yake hapa mtaa wa Uccle tangu nilipokuja Brussels kutoka Bujumbura, na tumezoea kutaniana.

"Marehemu mume wangu alikuwa akiitukana mashine hii mpaka inawaka," alisema. "Wewe unaisomea dua. Naona matusi yalikuwa na nguvu zaidi."

"Madamu, wakati ule ilikuwa changa."

"Hata mimi nilikuwa mchanga." Akaacha kucheka. "Nisikilize. Ikiwa imekufa, sinunui nyingine. Kwa umri huu? Nitaleta udongo, nifukie shimo hili, nipande mawaridi."

Nilijibu kwamba nimesikia. Lakini ndani ya shimo hilo ndimo mguu wa mke wangu ulimoanza kurudi.

Mke wangu alipatwa na kiharusi mwaka uliotangulia. Alhamdulillahi, ulimi ulirudi na mkono ukarudi, ila mguu wa kushoto ukabaki wa kuburuzwa. Tunakaa mtaa wa Molenbeek, ghorofa ya tatu, jengo lisilo na lifti. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimwambia atembee ndani ya maji, maana maji humpunguzia mtu uzito wake. Lakini kwenye bwawa la mtaani kwetu wanaume na wanawake huoga pamoja, na mke wangu alisema afadhali aburuze mguu mpaka kaburini. Nilipomsimulia Madamu, alisema, "Mlete hapa. Mimi naogelea peke yangu kila asubuhi kama bata mzee."

Basi kiangazi kile waliingia majini wawili, naye Madamu akimshika mkono. Mimi nilijifungia kwenye kibanda cha mashine, kwa kuwa bustani yenye wanawake wanaooga si mahali pangu. Ilipofika Septemba, mke wangu alikuwa anapanda ngazi zetu peke yake, akishika ukuta tu. Kisha baridi ikaja, tukafunga bwawa, na mguu ukaanza kukakamaa. Mwezi Machi hakuweza tena kushuka hadi dukani. Mtaalamu alisema wazi kwamba kiangazi kingine kikipita bila mazoezi, mguu utabaki hivyo hivyo.

Ndiyo maana siku ile ya pampu sikurudi nyumbani mapema. Niliswali adhuhuri kwenye nyasi, nikarudi kibandani. Nilikata umeme, nikafungua kifuniko cha feni iliyo nyuma ya mota, nikajaribu kuzungusha mhimili kwa bisibisi. Haukusogea. Nilidhani ni kutu ya baridi. Nikafungua boliti, nikaivuta mota itoke kwenye kasha lake, nikamulika tochi kwenye gurudumu dogo lenye mabawa, lile linalosukuma maji.

Haikuwa kutu. Gurudumu lilikuwa limefungwa nyuzi. Zilikuwa nyingi, zimejizungusha nyuma ya mabawa, zikashikana na chokaa ya maji ya hapa, zikakauka zikawa ngumu kama kamba. Nilizilowesha kwa siki, nikazichomoa kidogo kidogo kwa koleo. Za ndani hazikuwa zimepauka. Zilikuwa za kijani na za njano, rangi za kitenge alichoogea mke wangu.

Kitenge kile nilikinunua mimi. Kwetu mtu hukata kipande, akajifunga, basi. Nani hupinda kitenge cha kujifunga nyumbani? Mke wangu alikuwa akiingia majini na vipande viwili, kimoja kifuani na kimoja kichwani, kila ukingo ukiachia nyuzi zake. Nyembamba vile, zilipita kwenye kikapu bila kuzuiwa.

Nilichutama pale na fundo lile mkononi. Nyumba nzima hakuna ambaye angejua. Ningelitia mfukoni, ningesema ni kutu, na Madamu angenishukuru. Na nikisema kweli, angeweza kusema bwawa si la watu wa vitenge, na angekuwa na haki. Nimefundisha watu msikitini miaka mingi juu ya amana, nikiwa nimekaa vizuri kwenye mkeka, kiatu kimevuliwa. Sikuwahi kuifundisha nikiwa na mguu wa mke wangu upande wa pili wa mizani.

Viatu vya Madamu vikasikika kwenye kokoto.

"Umeona nini?"

Vidole vyangu vilijikunja vyenyewe. Nikavikunjua.

Alilichukua fundo lile, akalipeleka kwenye mwanga. "Kile kitambaa chake kizuri," alisema. Hakucheka. "Asiingie nacho tena. Avae nguo ya kuogelea kama mimi, au basi. Hii mashine haitavumilia mara ya pili, na mimi nimeshakwambia."

Jioni nilimweleza mke wangu. Alikuwa kitandani, mguu juu ya mto.

"Kumbe ni mimi niliyeua mashine ya watu!"

"Haijafa. Imeshaanza kuvuta."

"Na nguo yenyewe ni ile ya kubana? Nionekane nimechorwa mpaka mapaja, mimi bibi wa wajukuu?" Akanigeukia, akaniita kama wanavyoniita watoto wetu. "Papa, watu wote wanakuuliza pale msikitini. Leo nakuuliza mimi. Yule si Mwislamu. Inafaa anione hivyo?"

Nilijua jawabu ambalo lingemrudisha majini upesi. Lakini nilimwambia kama nilivyosomeshwa: kwamba wanachuoni wamehitilafiana kuhusu mwanamke asiye wa dini yetu, wengine wamebana, wengine wamelegeza, na kwamba tiba ina mlango wake wa ruhusa.

"Bon, haya. Sikuwauliza wao. Wewe unataka nini?"

"Nataka ushuke ngazi."

Aligeukia ukutani. Siku kadhaa hakulitaja tena jambo hilo, nami sikumsukuma. Nilikwenda Uccle, nikasugua kuta za bwawa, nikabadili maji, nikairudia pampu kila asubuhi kama mtu anayemtazama mgonjwa. Nilirudi siku moja nikamkuta mezani na cherehani ya umeme, anashona nailoni ya miavuli. Lilikuwa gauni pana, refu, na suruali yake. Kila pindo alilikunja mara mbili, kisha akapitisha kingo zote juu ya mshumaa ziyeyuke, usibaki uzi hata mmoja. Chumba kizima kilinuka.

"Usiseme kitu," aliniambia. Nikafungua dirisha.

Mei tulimshusha ngazi mimi na jirani yetu wa ghorofani, kwenye kiti. Uccle maji yalikuwa baridi bado. Nilimkabidhi kwa Madamu kwenye ngazi za bwawa, naye akapapasa pindo la gauni, akaridhika; nikaingia kibandani, nikafunga mlango, nikaelekea ukutani.

Pampu ilikuwa inakwenda vizuri, na mlio wake ulijaza kibanda chote. Nje nilisikia sauti, sikujua ya nani. Kisha nikasikia kama mtu amelia, au amecheka. Nikasubiri. Nikamwomba Mungu, ya Latifu, ya Latifu. Ikaja tena. Sikuweza kutoka, na sikuweza kusikia kinachosemwa, na mkono wangu ukaenda kwenye swichi. Nikaizima.

"Papa!" Ilikuwa sauti ya mke wangu, kali. "Mbona umezima?"

"Kuna nini huko?"

"Washa! Maji yametulia, nauona mguu wenyewe humu chini. Sitaki kuuona."

"Unasogea?"

Madamu aliuliza kitu kwa Kifaransa, polepole.

"Bado," alisema mke wangu. "Washa, papa. Nakuomba."

Nikawasha.