Aliyerudi Wodini Mara ya Pili

Siku yangu ya kwanza ya uuguzi katika wodi ya wanawake, Iringa, metroni alinipanga nikae na mgonjwa aliyevuja damu baada ya kutoa mimba kwa mizizi. "Hapa hatuhukumu," metroni aliniambia. "Tunaokoa kwanza, ndipo tunauliza."

Baadaye nilihamishiwa kituo cha afya upande wa Rujewa. Huko nilimpokea Atupele, mama aliyepepeta mchele mashineni Ubaruku, naye akivuja damu kwa mizizi. Mganga mfawidhi, ndiye mkuu wa kituo, alimsafisha kizazi kwa bomba la kunyonya mabaki ya mimba. Tulimwelekeza apitie chumba cha uzazi wa mpango, lakini mumewe alikuwa anamsubiri getini. Akakipita chumba hicho, akamfuata.

Msimu wa mpunga uliofuata akarudi, safari hii na homa kali na ile harufu ya kuoza ambayo kila mkunga anaiogopa. Mimba nyingine, mizizi tena. Niliamini atatufia.

Alipopata nafuu nilivuta pazia, nikamuuliza kwa nini amerudia. Alinong'ona kwamba uzazi wa mwisho alipasuliwa, akaonywa asibebe tena. Mumewe naye anasema vidonge ni vya wanawake wahuni.

"Sista, nikizaa nakufa. Nikikutwa na vidonge nafukuzwa, na watoto wanabaki. Ningefanyaje?"

Nilimfikishia mfawidhi jambo hilo. Akaagiza kwamba mama wa namna hii asiruhusiwe kabla hajaelezwa njia zote palepale kitandani, na kupewa akitaka. Atupele alikataa kijiti cha chini ya ngozi kwa kuwa kinapapasika mkononi. Akachagua sindano ya miezi mitatu.

Mumewe aliingia na fimbo yake ya kuchungia, akauliza mkewe kachomwa nini. Nilimjibu kwamba habari za mgonjwa huzitoa mgonjwa mwenyewe. Akamgeukia mkewe.

"Dawa ya homa," Atupele alisema. Na hiyo pia alikuwa amechomwa.

Kwa miaka alikuja kuchomwa sindano siku za mnada, mumewe akiwa huko, akitazama nyuma kabla ya kuingia. Alipochelewa, nilitoka getini kumtazamia.

Sasa nimestaafu, nalima nyanya Ilula. Wauguzi vijana hudhani wanaorudia ni wakaidi. Nawaambia kwamba wengi niliowahudumia tuliwazuia damu, tukawarudisha mikono mitupu kwenye hofu ileile.

Muda mfupi kabla sijastaafu, Atupele alimleta binti yake aliyekuwa amechumbiwa. Akamsogeza mbele yangu.

"Mweleze yote, sista," alisema. "Mimi nakaa mlangoni, niangalie nani anakuja."