Vifungo vya Magauni ya Idi

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, mnatua Guangzhou, mnazunguka maduka ya mtaa wa Guangyuan Xilu siku chache, mkirudi nyumbani mnasema China mnaijua. Mnaujua mji tu. Mimi naishi humu na mwanangu na mkewe, tunawauzia nguo wanunuzi wa kwetu, na nilidhani hivyo hivyo.

Mjini hukalishwi. Unaingia dukani, bosi hata kichwa hanyanyui. Unashika gauni, anakubonyezea bei kwenye kikokotoo, unashusha, anasema meiyou, hakuna, unatoka, anakuita. Salamu haimo. Ukimwuliza habari za watoto ataona unampotezea wakati. Sikuwalaumu. Nilijifunza, nikawa kama wao.

Basi niliagiza magauni ya watoto ya Idi kwa mwanamke mmoja mwenye duka, mkali, sauti ya kufukuzia mbuzi. Yakachelewa. Kontena linafungwa kesho yake bandarini Huangpu, na nguo ya Idi ikifika Idi imekwisha, atainunua nani? Nikaambiwa magauni yako kijijini kwa mama mkwe wake, yanatiwa vifungo. Nikamwambia mkwe wangu, anayejua Kichina, avae viatu twende.

Tuliwakuta wanawake uani, magauni mapajani, sindano zinakwenda. Bibi mwenye nyumba, rika langu, akanisogezea kibao cha kukalia, akamimina chai. Nikakataa. Nikasimama mlangoni, mikono kiunoni, waone kuwa nina haraka.

Wakaacha kushona. Wote.

"Waambie mzigo unaondoka!"

Mkwe wangu akawaambia. Bibi akajibu maneno machache, akakipigapiga kile kibao. Yule mwenye duka, bosi wa mjini, alikuwa chini anachambua mboga mbele ya mama mkwe wake.

"Kasema nini?"

"Anasema mgeni kasimama, wao watashonaje? Mama, wanakungoja wewe."

"Mimi ndiye ninayewangoja wao!"

"Haya, ngojaneni mpaka Idi ipite."

Nilisimama bado, kwa ukaidi. Jua likahama ukutani. Mwisho nikakaa.

Chai haikuwa na sukari. Nikamaliza, akamimina tena. Wakaleta viazi vitamu vya kuchemsha. Mkwe wangu alishawaambia nyama yao hatuli, wala hawakununa. Bibi akauliza watoto wangu wangapi, wazima? Nikamwuliza wake. Hapo ndipo sindano zilipoanza kwenda. Nikaomba na mimi moja. Tundu sikuliona, na bibi naye hakuliona, basi bosi akaosha mikono akatutungia uzi sote wawili.

Lori la bandarini likaondoka na magauni karibu yote. Robota moja lilibaki, halikuwahi vifungo. Ndilo la ule muda niliosimama.

Kurudi nyumbani, ghorofani kwetu, nikamkuta mnunuzi kutoka Mombasa kasimama mlangoni, begi begani, mwanangu kashika kitasa anamtajia bei. Nikawapita, nikaleta kiti, nikamkalisha mgeni. Kisha nikawaita wote wa nyumbani.

"Kuanzia leo, anayebisha hodi hapa akae, anywe chai, aulizwe hali za kwao. Habari ya mzigo asiitaje mtu mpaka kikombe kiwe kitupu."