Meno Yaliyochongwa Mara Mbili

Mama alikuwa amechongwa meno. Naanza na hilo kwa sababu wajukuu zangu wakiona picha yake huuliza kama alianguka. Hakuanguka. Alipokuwa msichana huko kwetu Butiama alikalishwa chini, meno yake manne ya mbele ya juu yakachongwa yakawa na ncha, kama wenzake wa rika lake, na hakulia. Kwake yeye jambo kubwa lilikuwa hilo la kutolia. Aliyelia aliitwa mwoga mpaka uzeeni, na mumewe alikumbushwa kila pombe ilipowekwa. Mama aliisimulia habari hiyo mwaka nenda mwaka rudi, na mimi, binti yake wa kwanza, mwalimu wa shule ya msingi Musoma, nilikuwa nimechoka kuisikia.

Kisha ikaja Operesheni. Watu waliambiwa wahamie kijiji cha pamoja, nyumba kwa mstari, karibu na barabara. Baba alikuwa ameshafariki na kaburi lake lilikuwa nyuma ya zizi. Mama alipanga vyungu, akafunga kuku miguu, akang'oa mlango. Ila alikataa kuiacha nguzo ya katikati ya nyumba, ile aliyoisimika baba kwa mikono yake. Vijana wa mgambo walikuwa na haraka. Waliisukuma juu ya lori, ikateleza, ikarudi chini na kumgonga mdomoni. Jino moja la mbele liling'oka pale pale, na la jirani yake likakatika nusu. Mama alitema damu, akajifuta kwa khanga, akapanda lori. Nguzo iliachwa njiani.

Tangu siku hiyo akawa anafunika mdomo. Zamani aliitwa kwenye harusi za mbali kwa ajili ya vigelegele vyake tu. Sasa hewa ilipita pengoni ikatoka kama mluzi wa mchunga mbuzi, watoto wa kijiji kipya wakacheka, naye akaacha kabisa. Hakuniomba kitu. Lakini mdogo wangu, aliyekuwa bado nyumbani, alikuwa amechumbiwa Bunda kwa wakulima wa pamba, na harusi ilikuwa inangoja mavuno. Siku moja mama aliniambia huku akipepeta mtama, bila kunitazama: "Mtoto wangu wa mwisho nitamwozaje nikiwa nimeziba mdomo?"

Basi nikaingia kazini. Ukishakuwa mtoto wa kwanza, tena mwenye mshahara, hakuna anayekuuliza kama umechoka. Musoma alikuwa anakuja daktari wa meno, mzungu mzee, kila baada ya miezi kadhaa. Wengi walimwendea kung'olewa tu. Nilipomuuliza kuhusu pengo la mama alinieleza kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. Jino la bandia haliwezi kusimama hewani, alisema. Inabidi kuyasaga meno ya pande zote mbili yabaki kama visiki, kisha kutengeneza meno matatu yaliyoshikana. Yale ya pembeni yana uwazi ndani, yanavalishwa juu ya visiki kama kofia, na la katikati linaziba pengo. Akasema linaitwa daraja.

Nilipomfafanulia mama, alicheka kwa mara ya kwanza tangu ahamishwe. "Yaani anataka kunichonga tena?"

Tulipokwenda, daktari alimfungua mdomo akasikitika, lakini alisikitikia meno mengine. Alisema kwa kuwa tumefika, angeweza kuyanyoosha yote manne, yawe sawasawa kama ya watu. Nilitafsiri, kwa kuwa Kiswahili cha mama kilikuwa cha kuombea chumvi tu. Mama alikaa wima kwenye kiti.

"Mwambie sikuja kubadilishwa. Nimekuja kurudishwa."

Mzee wa watu alikubali, akachora kwenye karatasi meno yenye ncha, mama akamsahihisha kwa ukucha mpaka akaridhika. Ila palipofika suala la sindano ya ganzi, alikataa katakata. "Mdomo ukilala," aliniambia, "nitajuaje kama nimevumilia?"

Nilibishana naye mpaka nikachoka, na kuchoka kwenyewe hakukunichukua muda siku hizo. Daktari alisema basi, ainue mkono ikimuuma. Mashine ikaanza kulia. Harufu ya jino linalosagwa ni kama ya kwato iliyochomwa moto, na siisahau. Kila mara daktari alisimama akauliza, "Inauma?" Mama alimjibu mwenyewe, kwa Kiswahili chake: "Hapana. Haiumagi." Mikono yake ilikuwa imelala mapajani kama ya mtu anayesikiliza mahubiri. Nilitazama miguu yake. Vidole vilikuwa vimejikunja vimeshika pekupeku chuma cha kiti. Nikamwuliza kwa Kizanaki: inauma? Akanikazia macho kama nimemtukana mbele ya wageni. Daktari aliendelea kusaga.

Vipimo vilikwenda Mwanza. Daraja liliporudi lilikuwa zuri kweli, na ncha zake. Lilipogandishwa, mama aliomba kioo, akajitazama, akafunga mdomo, akaufungua tena. Njia nzima kurudi Butiama alikuwa anaongea na abiria asiowajua. Nilisinzia dirishani nikijiambia mzigo nimeutua.

Sikuwa nimeutua. Haukupita muda mrefu mdogo wangu akaja Musoma kununua vitambaa, akaniambia, "Dada, mama anakulaga uji tu siku hizi. Nyama hata haigusi." Nikapanda basi Jumamosi, na madaftari ya darasa la tano ya kusahihisha kwenye kikapu. Nilimkuta shavu limejaa. Nikamwuliza kama anaumwa. Hapana. Basi hilo shavu? Mbu. Mficha maradhi kifo humuumbua, methali hiyo nilikuwa naifundisha kila mwaka, na sasa ilikuwa imekaa jikoni kwetu inakunywa uji. Nilimkasirikia nikamfokea, naye akanipa kigoda nikae.

Harusi ikafika. Bunda kulikuwa na vumbi na pamba kila mahali, hata kwenye nywele za bibi harusi. Tulipomfikisha mdogo wangu mlangoni kwa wakwe, wenyeji walipiga vigelegele vyao, halafu wakatulia, maana ilikuwa zamu ya upande wetu. Mama alishusha khanga kutoka mdomoni. Kigelegele chake kilipanda, kikakaa juu, kikashuka taratibu bila kuvunjika, na wanawake wa Bunda wakageuka kumtafuta aliyekipiga. Mdogo wangu alilia akiwa amejifunika. Na mimi nililia, sioni haya kusema. Mama peke yake ndiye hakulia. Kesho yake asubuhi jicho la upande ule lilikuwa limezibwa na uvimbe, na homa ilikuwa inamtetemesha.

Kwa bahati daktari alikuwepo Musoma. Alimtazama mara moja tu akaweka kioo chake chini. Lile jino lililokatika alikuwa amelisaga mno, alisema, akaufikia mshipa wake, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aache. Jino lilikuwa limekufa ndani ya kofia na usaha umejaa kwenye mzizi. Litoke, na daraja zima litoke nalo. Halafu akanigeukia mimi, mkalimani. "Nilimwuliza. Wewe ulikuwa hapa. Kwa nini hakusema?"

Ningeanzia wapi?

Safari hii sindano haikuwa ya kujadiliwa. Daktari aliijaza dawa, akainama. Kabla hajamgusa, mkono wa mama ukapanda juu. Daktari akasimama. Mkono ulibaki hapo hapo, kama wa mwanafunzi anayengoja kuitwa, na mama akaanza kusema na mimi kwa lugha yetu, polepole, kwa sababu ya uvimbe.

"Iliniuma siku ile akinisaga. Iliniuma nguzo iliponigonga, na sizungumzii mdomo. Baba yako aliisimika nikiwa na mimba yako. Tumemwacha peke yake kule nyuma ya zizi, na zizi lenyewe halipo tena, mbuzi wa watu wanapita juu yake. Na nilipokuwa msichana iliniuma. Wote iliwauma, hata wale waliotucheka sisi tukiwa tunangoja zamu. Mwanangu, inauma tangu zamani."

Machozi yalikuwa yanamtoka kwenye lile jicho lililokuwa bado wazi, na hakuyafuta. Sikuwahi kuyaona, wala siku tuliyomzika baba. Nilimshika ule mkono ulioinuliwa.

Daktari alikuwa bado ameshika sindano. "Anasemaje?" akauliza.

"Anasema inauma," nikamwambia.