Nilimwita Dada Yangu "Cousin" Mbele ya Wageni

Nilikosa, na sitafuti mtu wa kunitetea. Wengine huungama kwamba waliiba, au walichukua mume wa mtu. Mimi nilisema neno moja la Kiingereza ambalo hata mtoto wa darasa la nne analijua. Cousin. Usicheke kwanza, ngoja nikueleze.

Kwetu ni Kalamba. Mama alikuwa na dada yake mdogo ambaye alikufa akaacha mtoto mchanga, msichana, anaitwa Syombua. Mimi nami nilikuwa nimezaliwa juzi tu. Mama akatuchukua wote wawili, huyu titi hili, yule titi lile. Tulilala kitanda kimoja na blanketi moja, tukipigania nani alale upande wa ukuta.

Kwa Kikamba hakuna maneno mengi hapo. Mtoto wa dada ya mama ni mwanaa-mwaitu, yaani mtoto wa mama yetu, na ndivyo unavyomwita pia yule mliyetoka tumbo moja. Sikuwahi kusikia mtu kijijini akitutenganisha. Syombua alinizidi miezi michache, kwa hivyo yeye ndiye alikuwa mkubwa na mimi ndiye nilikuwa natumwa.

Halafu ukaja ukame uliomaliza ng'ombe wetu wote, na karo ya shule ikabaki ya mmoja wetu. Mama alishindwa kuchagua. Alikuwa anaanza kusema, anaacha. Syombua ndiye alichagua.

"Huyu ndiye ana kichwa," akasema. "Mimi nitabaki na mama na punda."

Siku nilipoenda bodingi alinibebea sanduku langu la bati kichwani mpaka barabarani. Njia nzima alinitania kwamba nikirudi nitakuwa naongea kwa pua. Jamani, na kweli nikarudi naongea kwa pua!

Huko shuleni ndiko nilikofundishwa kwamba kuna uncle, kuna aunt, kuna cousin, kila mtu na mahali pake. Mwalimu alituambia kila mtu achore jamaa yake kama mti. Nikamweka Syombua kwenye tawi la pembeni, mbali na langu, na mwalimu akanipa vema. Nakumbuka nilifurahi sana kupata ile vema.

Baadaye nikaenda chuo cha ualimu, na huko neno hilo likawa la kila kazi. Kila mvulana aliyekuja getini Jumapili, matroni akiuliza, ni cousin. Mtu mmetoka naye lokesheni moja, cousin. Mtu hutaki kueleza ni nani, cousin. Lilikuwa neno la kumweka mtu karibu kidogo na mbali kidogo, vile unavyotaka wewe. Nililizoea.

Ndipo nikapata mchumba, mwalimu mwenzangu, watu wao ni wa Kitui mjini. Wakaja kwetu na mbuzi wa ntheo. Kwetu hata pasta akuombee namna gani, bila hao mbuzi bado hujaolewa, na siku hiyo ndiyo watu wa pande mbili wanaambiana nani ni nani. Ukitajwa siku hiyo, umetajwa.

Syombua alikuwa ameamka mapema kwenda mtoni kuchimba maji mchangani. Punda wawili, safari baada ya safari, ili wageni wanawe, wanywe chai, nyama ipikwe. Wageni walipofika alikuwa bado na leso yake ya kazi, miguu imepasuka, anatoa jasho, ananuka moshi. Akaingia hivyo hivyo ndani na sinia la vikombe, anacheka kwa sauti yake ile kubwa. Akakaa kando yangu. Dada mkubwa ndiye hukaa hapo, hakuwa amekosea.

Dada ya mchumba wangu alikuwa amevaa viatu vya kisigino na wigi. Akamwangalia Syombua toka juu mpaka chini. Kisha akaniuliza kwa Kiingereza, anatabasamu, "Huyu ni dada yako?"

Nilisikia haya. Nakuambia ukweli, nilimwonea haya mtu aliyebeba sanduku langu.

"No," nikasema. "She is my cousin."

Wala haikuwa uongo. Ndiyo maana ilinitoka kirahisi hivyo. Mtu angeniuliza mbele ya kamusi ningeshinda.

Yule dada akaitikia kwa kichwa, akasogeza kiti chake, akawa sasa yeye yuko kando yangu. Syombua akabaki na sinia mkononi. Alikuwa ameishia darasa la tano, "no" aliijua. Lile lingine hakulijua.

Jioni wageni wameenda, tunaosha masufuria nje, akaniuliza.

"Ile neno uliniita ni nini?"

"Cousin? Ni mtoto wa mama mdogo."

"Na mtoto wa mama anaitwaje?"

"Sister."

Akasugua sufuria kidogo. "Na mama alikunyonyesha wewe peke yako?"

Nikamwambia asianze mambo, ni Kiingereza tu, Wazungu ndivyo wanavyosema. Nilimwambia hivyo huku nimekasirika, kwa sababu nilijua. Alimaliza vyombo vyote, akaviinika, akaenda kufunga mbuzi. Asubuhi akaniletea chai akasema, "Kasini, amka."

Nilidhani ni utani wake. Nikacheka hata. Lakini hakuacha. Toka siku hiyo hakuniita tena kwa jina langu wala kwa lile la kwetu. Hakunitukana, hakuninunia, hakunisema kwa mtu. Mama alikufa bila kujua kilichotokea kati yetu.

Na Mama alipougua, mimi nilikuwa nafundisha mbali, nakuja shule zikifungwa. Syombua alikuwa ameolewa upande wa Mutomo, na alimwacha mume wake na nyumba akaja kumwosha Mama, kumlisha, kumgeuza kitandani. Mama alifia mikononi mwake. Mimi nilifika nikakuta wameshamfunika.

Siku ya mazishi mwenye kuongoza akaita, "Watoto wa marehemu wasimame hapa mbele." Tukasimama, mimi na wadogo zetu wa kiume waliozaliwa baada yetu. Nikaangalia huku na huku, Syombua hayuko. Nikamkuta nyuma ya nyumba kwa akina mama wanaopika, ameshika mwiko.

"Twende," nikamwambia. "Tumeitwa."

"Mmeitwa ninyi," akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka anayapangusa na leso. "Nenda, kasini. Watu wanakungoja."

Nilienda. Hiyo ndiyo dhambi yangu ya pili, na kwangu ndiyo kubwa. Ningemvuta mkono. Ningepiga kelele mbele ya watu wote kwamba huyu ndiye mtoto wa kwanza wa mama huyu. Lakini watu walikuwa wananingoja, na mume wangu na watu wao walikuwa wamesimama pale na nguo nzuri. Nikatupa udongo bila yeye.

Imenichukua miaka mingi kupata moyo wa kumfuata huko Mutomo. Nilienda mwaka jana. Nilimkuta uani anapepeta pojo, amezeeka kunishinda. Alifurahi, sikudanganyi. Alimtuma binti yake, ambaye amempa jina la Mama, alete kiti kile kizuri kutoka ndani.

"Huyu ni nani, mama?" binti akauliza.

"Ni kasini yangu wa Kalamba."

Yule mtoto, mwenye jina la mama yangu, akanipa mkono akanisalimu kama mgeni. Kwetu alipaswa kuniita mama.

Nikashindwa kukaa. Nikapiga magoti kwenye zile pojo, nikamwambia, Syombua, nilikosa, nisamehe, wewe ni mwanaa-mwaitu. Akaniinua kwa mikono yake miwili.

"Nilikusamehe siku ileile," akasema. "Keti, chai inapoa."

Alinichinjia kuku. Akanipa kikombe chenye kisahani. Nilipomaliza nikasimama nikaoshe, kama tulivyoosha pamoja maisha yetu yote, akakichukua mkononi mwangu polepole.

"Acha," akasema. "Mgeni haoshi vyombo."

Wewe unayesoma hii, labda unaye mtu aliyebaki nyumbani ili wewe uende. Siku wageni watakapokuuliza ni nani, sahau shule yako. Mwite vile mama yako alivyomwita, hata kama miguu yake imepasuka, hata kama wanacheka. Mimi nilipewa msamaha, na kuku, na kiti kizuri. Nilichokuwa nataka ni anitume maji.