Mthamini Alipofika kwa Timazi

Mtaani walimwita Timazi, kwa sababu kuta alizojenga hazikuwahi kwenda upande. Nyumba za watu alijenga nyingi hadi akapoteza hesabu. Yake mwenyewe ilimchukua miaka kumi na mmoja, chumba kimoja kimoja, kila mfuko ulipopata nafuu. Sasa yeye na mkewe walikuwa wanaachana, na mahakama ilitaka nyumba ithaminiwe: atakayebaki nayo amlipe mwenzake nusu.

Timazi alitaka kubaki. Kwa hiyo mthamini alipoingia na kamera na futi kamba yake, alimkuta ameshajipanga.

"Dada, andika kabisa," alisema, akigonga ukuta wa sebule. "Hapa pana ufa. Na msingi, nikufiche nini, tulilipua tu, kazi ya harakaharaka."

Mthamini, mwanamke wa makamo asiye na maneno mengi, akaandika.

Mkewe, Mama Pacha, alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mkoba begani, kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Tangu ahamie kwa dada yake hakuwa amekanyaga hapo.

"Msingi upi mlilipua?" aliuliza.

"Mama Pacha, niache niongee na mgeni."

"Nakuuliza, upi? Huu niliousombea maji na tumbo la pacha? Huu ulioufumua ukaanza upya kwa sababu kona moja ilikunyima usingizi?" Akamgeukia mthamini. "Dada, mimi na huyu bwana tumeshindwana, sifichi. Lakini kazi anaijua. Nyumbani ndiko kulikomshinda kukaa."

Timazi hakukumbuka kumsikia mkewe akiisifu kazi yake. Au pengine aliisifu, na yeye hakuwepo. Jumapili zote alikuwa kwenye nyumba za watu. Mkewe aliwahi kumwomba siku moja tu kwa wiki, ashinde na wanawe. Alimjibu, "Kwani nyumba itajijenga?"

"Sasa niandike lipi?" mthamini akauliza.

Timazi aliupapasa ule ufa.

"Futa," alisema. "Huo ufa ni wa plasta tu, haujafika kwenye tofali. Msingi umekwenda chini futi nne. Ukitaka, nichimbe uone."

Mthamini alipoondoka, walibaki wawili sebuleni.

"Unajua kwa bei atakayoandika, nusu yako siiwezi," Timazi alisema.

"Najua. Sikuja kukukomoa. Ni vile sikuweza kukusikiliza ukiikana kazi yako."

"Kaa basi unywe chai."

"Dada ananisubiri."

Kweli Timazi hakuiweza. Alizunguka kwa kaka zake, akaenda benki, akarudi mikono mitupu. Nyumba ikauzwa kwa mwalimu mstaafu, wakagawana, kila mtu akashika njia yake.

Mwaka uliofuata Mama Pacha alimpigia simu. Amepata kiwanja kidogo, anatafuta fundi.

"Mimi nina nafasi," Timazi akasema haraka. "Hata Jumapili."

"Hapana, baba. Nitajie tu mtu unayemwamini."

Alimtajia mwenzake mmoja wa kazi. Kulikuwa na neno la kuomba radhi kwa zile Jumapili, alilolipanga kwa miezi mingi, hata akiwa juu ya jukwaa na mwiko mkononi alikuwa akilirudia.

"Hana bei kubwa," ndilo lililotoka.

"Haya, ahsante," alijibu Mama Pacha, na simu ikakatika.