Waranti ya Mwalimu

Mama na mwalimu mmoja wa shule ya msingi ya kwetu Makwale walipewa barua za rufaa siku moja, na daktari mmoja, kwa ugonjwa mmoja. Mwalimu ndiye aliyeanza. Siku ya mkutano wa akina mama kanisani alisimama akasema ameona uvimbe kwenye titi, na kwamba kila mwanamke ajishike ajipapase. Mama alirudi nyumbani, akaingia chumbani, akakaa humo kitambo. Alipotoka aliniambia, "Na mimi ninao."

Wakaenda pamoja hospitali ya wilaya, kisha Mbeya, ambako walikatwa kinyama cha kupimwa. Majibu yalipotoka, daktari aliwaandikia wote wawili kwenda Dar es Salaam, kwenye mionzi. Mimi ndiye niliyewasindikiza mpaka kwenye dirisha la karani. Karani alipokea barua ya mwalimu, akauliza namba yake ya ajira, akasema waranti ya treni, ile hati ya kusafiri kwa gharama ya serikali, itatoka wiki ile ile, yake na ya mtu wa kumsindikiza. Kisha akachukua ya Mama.

"Mume wako ni mtumishi wa serikali?"

"Mume wangu alishafariki. Mimi ni mkulima."

"Basi, mama, nauli ni juu yenu."

Alisema kwa upole kabisa. Ndivyo utaratibu ulivyokuwa, naye hakuutunga yeye. Lakini hasira yangu haikwenda kwa karani. Ilikwenda kwa mwalimu, aliyekuwa anakunja barua yake na kuitia kwenye mkoba. Alikuwa na mshahara, nyumba ya bati ya shule, viatu vya mtumba vilivyomkaa kama vya dukani, na sasa hata kuumwa kwake kulikuwa na tiketi.

Akaondoka. Sisi tukabaki. Ilikuwa miaka ile uchangiaji ulipoanza, hospitali unakwenda na daftari lako na glavu zako, na kila mtu aliamini kwamba ugonjwa mkubwa una bei kubwa. Wajomba walikaa mara mbili kulijadili. Nauli wangeweza kuitoa kwenye kakao. Mionzi, walisema, hiyo itauza shamba. Mama akawaambia waache kwanza, wavune mpunga.

Wiki chache baadaye ikaja barua ya mwalimu. Mama hakujua kusoma, barua zote nilimsomea mimi. Tuliketi barazani, nikafungua. Ukurasa wa kwanza ulikuwa salamu. Anaendelea vizuri, anakula samaki, jioni wauguzi wanawatembeza ufukweni. Nilisoma hayo kwa sauti huku roho inaniuma. Ukurasa wa pili uliandikwa hivi: "Dada yangu, usiogope gharama. Hapa saratani hailipiwi, ukifika na barua ya rufaa serikali inabeba. Tafuteni nauli tu. Nimekwisha kuongea na shangazi yangu, utalala kwake mpaka upate kitanda. Njoo upesi."

Nikakunja karatasi. Nikasema, "Anakusalimu sana."

"Ndaga," Mama akajibu, kwa shukrani ile yetu ya Kinyakyusa, kama vile mwalimu alikuwa amesimama mbele yake.

Nimejiuliza miaka mingi kwa nini. Sikutaka Mama afe. Nilichokataa ni kwamba wokovu wake utoke kwenye mkono wa yule mwanamke, tuje kumshukuru maisha yetu yote. Nilijiambia nitamsomea kesho. Kesho ikawa Jumapili, Jumapili ikawa mwezi na zaidi.

Mama alipenda barua. Siku moja aliichukua akaenda nayo kwa mke wa mchungaji, asomewe tena zile habari za samaki. Alirudi polepole, akaketi karibu yangu nilipokuwa nachambua mchele.

"Mwanangu, ile barua ina kurasa mbili."

Nikazidi kuchambua mchele.

"Mwite mjomba wako," alisema.

Akaenda Dar es Salaam, akapokelewa na yule shangazi wa mwalimu, akapigwa mionzi bila kulipa hata senti. Nilipomfuata kumrudisha nilimuuliza daktari kama kuchelewa kule kulidhuru. Alisema pengine ndiyo, pengine sivyo, ugonjwa ulikuwa umeshafika kwapani. Mama aliishi miaka mitatu, miwili kati yake akiwa na nguvu za kulima.

Mwalimu alikuja msibani. Alikuwa amenenepa, nywele zimejaa, na mimi, nikiwa nimejifunga kanga ya kilio, nilizitazama zile nywele na kuzichukia. Akanishika mkono.

"Mama yako aliniambia barua yangu ilichelewa posta. Iliniuma sana. Ningejua, ningepiga simu ya upepo ya hospitali."

Kumbe Mama alikuwa amenifichia, hata kwa yule niliyemkosea. Ningeweza kunyamaza.

"Haikuchelewa," nikamwambia. "Niliificha mimi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu wewe ulipewa waranti."

Aliuachia mkono wangu. Akaenda walikokuwa akina mama wanamenya ndizi, akachukua kisu. Alikaa msibani siku zote tatu, akapika, akaosha vyombo, akalala kwenye mkeka na wadogo zangu. Kwangu hakuja tena. Siku ya tatu alikuwa anawasimulia wadogo zangu jinsi Mama alivyoiogopa bahari, wakacheka mpaka wakafuta machozi. Habari zile mimi sikuwa nazijua. Nilisimama mlangoni na sufuria mkononi, nikawaonea wivu wote.